Ibn Khaldun: Mwanachuoni aliyeuona mkono wa sultani sokoni

Kila Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya Isha nina darasa la watu wazima. Wanaohudhuria ni mafundi, madereva wa daladala, wauza mitumba na akina mama wenye meza za ndizi na maandazi. Siku moja mama mmoja alichelewa. Alipoingia alikaa nyuma kabisa na hakulifungua daftari lake. Tulipomaliza alinisubiri mlangoni, akanieleza kuwa asubuhi ile askari wa mgambo walifika pale anapouzia, wakaipindua meza yake, wakapakia garini sinia, mizani na ndizi zote. Ushuru wa siku ile alikwishalipa na risiti anayo. Kisha akaniuliza iwapo dini yetu ina neno lolote la kusema juu ya jambo kama hili, au kazi yake ni kutuambia tusubiri tu.

Nilimwambia asubiri. Nikamtajia fadhila za subira, naye akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Ndugu msomaji, jibu lile lilininyima usingizi. Si kwamba subira haimo katika dini, imo tena kwa uzito mkubwa. Lakini mimi nimeyasomea mambo haya chuo kikuu. Nilimsoma Ibn Khaldun kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikamsahau. Usiku ule niliishusha Muqaddimah kutoka juu ya kabati, nikaipangusa vumbi, nikakesha nayo.

Leo nataka nimlipe mama yule deni lake kwa kusimulia maisha ya mwanachuoni huyu. Nasema maisha, na si kitabu peke yake, kwa sababu aliyoyaandika juu ya dola na mali za watu hakuyaokota hewani. Aliyapitia mwenyewe, tena akiwa pande zote mbili: upande wa anayetoza na upande wa anayetozwa.

Mtoto wa nyumba ya watumishi wa dola

Abdurrahman bin Khaldun alizaliwa mjini Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na Mei 1332 Miladia. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, nchi ambayo familia nyingi za pwani yetu nazo zinajinasibisha nayo. Babu zake walivuka hadi Andalus, wakawa wakubwa wa mji wa Seville, kisha wakahamia Afrika ya Kaskazini kabla mji huo haujaanguka mikononi mwa Wakristo mwaka 1248.

Huko Tunis babu wa baba yake alikuwa msimamizi wa hazina ya watawala wa Bani Hafs. Akaja mtu akapora kiti cha ufalme, na jambo la mwanzo alilofanya ni kumkamata mwenye hazina, kuchukua mali zake, kumtesa na kumuua. Baba yake Ibn Khaldun alijifunza kutokana na hayo. Aliipa siasa kisogo, akajishughulisha na elimu na ibada. Mtoto akakua akihifadhi Qur'an na kusoma fiqhi ya Imam Malik, hadithi, lugha na mantiki.

Mwaka 1348 tauni ikaingia Tunis. Ile tauni kubwa iliyofagia nchi za Waislamu na za Ulaya kwa pamoja ikawachukua wazazi wake wote wawili na walimu wake wengi. Alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Kijana aliyeona miji ikibaki mitupu, masoko yakifungwa na njia zikiota nyasi, hawezi tena kuamini kuwa mji ni kitu cha kudumu. Swali la kwa nini miji husimama na kwa nini huanguka lilimkaa moyoni tangu hapo.

Ngazi za ikulu na mlango wa jela

Baba aliikimbia siasa, mwana akaikimbilia. Akiwa kijana wa miaka 20 hivi alipewa kazi ya kuandika alama rasmi ya sultani juu ya nyaraka za serikali. Mwaka 1354 alikwenda Fez, Morocco, kwa Sultani Abu Inan. Mwaka 1357 sultani huyo huyo akamtia gerezani kwa kumshuku njama, akakaa humo karibu miaka miwili. Hakutolewa kwa hukumu wala kwa huruma. Alitoka kwa sababu sultani alikufa.

Mwaka 1362 alivuka bahari hadi Granada, akapokewa vizuri na Sultani Muhammad wa Tano pamoja na waziri wake, mwandishi mashuhuri Ibn al-Khatib. Mwaka 1364 akatumwa ubalozi kwa mfalme wa Kikristo, Pedro wa Castile, aliyekuwa akikaa Seville, mji wa babu zake. Mfalme akataka abaki kwake, akaahidi kumrudishia mali za ukoo wake. Alikataa. Alijua kuwa mali anayokupa mfalme kwa neno moja, kwa neno jingine huichukua.

Mwaka 1365 akaitwa Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa hajibu, yaani waziri mkuu wa amiri wa hapo. Hapa nakuomba msomaji uwe makini. Makabila ya Waberberi wa milimani yalikuwa yamekaa miaka bila kulipa kodi. Ibn Khaldun aliwapandia huko huko milimani, akavamia ngome zao, akachukua mateka miongoni mwao mpaka kodi ikapatikana. Hayo hakusingiziwa na maadui. Ameyaandika mwenyewe katika habari za maisha yake.

Kodi ile ilimfaa nini amiri? Mwaka uliofuata aliuawa vitani na binamu yake. Ibn Khaldun akaukabidhi mji kwa mshindi, lakini haukupita muda akahisi anatafutwa, akakimbia. Ndugu yake Yahya akatiwa ndani, nyumba zao zikapekuliwa kutafutwa mali. Aliyekuwa akichukua mateka milimani, sasa wa kwake ndio waliokuwa mikononi mwa dola.

Miaka ikaenda hivyo, leo kwa sultani huyu, kesho kwa yule. Rafiki yake Ibn al-Khatib, waziri ambaye zamani watu walipanga foleni mlangoni kwake, aliuawa ndani ya gereza la Fez. Ibn Khaldun alijaribu kumuombea, asisikilizwe. Mwaka 1375, akiwa na umri wa miaka 43, alichoka. Akajitenga na familia yake katika ngome ya mbali iitwayo Qal'at Ibn Salama, akakaa huko karibu miaka minne. Huko ndiko alikoandika Muqaddimah. Rasimu ya kwanza ilimchukua miezi mitano tu, akaikamilisha mwishoni mwa mwaka 1377.

Aliyoyaona sokoni

Sasa yale ambayo ningepaswa kumwambia mama wa ndizi pale mlangoni.

Jambo la kwanza ni kodi. Ibn Khaldun anaeleza kuwa dola inapoanza, watawala wake huishi maisha ya kawaida na hutoza kile tu kilichowekwa na sheria: zaka, kharaji na jizya, vitu vyenye kiwango kinachojulikana. Mtu akijua kuwa jasho lake atabaki nalo, hulima, hujenga na hufanya biashara, na hazina hujaa ingawa kiwango ni kidogo. Baadaye watawala huzoea anasa. Majumba huongezeka, watumishi huongezeka, mishahara ya askari hupanda. Kodi za zamani hazitoshi tena, basi huongezwa kidogo kidogo, na ushuru mpya huwekwa kwenye milango ya miji na masokoni. Mfanyabiashara akipiga hesabu akaona faida yote inakwenda kwa mtoza ushuru, hufunga duka. Hazina ikipungua, mtawala hudhani dawa ni kuongeza tena, na kila akiongeza ndivyo inavyozidi kupungua.

La pili ni mtawala kufanya biashara mwenyewe. Hili Ibn Khaldun amelipinga kwa nguvu sana. Wafanyabiashara wa kawaida, anasema, mitaji yao hukaribiana, basi hushindana na kila mmoja hupata riziki yake. Akiingia sultani sokoni, nani atashindana naye? Yeye ana mtaji kuliko wote na ana askari. Atanunua kwa bei anayoitaka, kwani hakuna atakayethubutu kupanda bei juu yake. Kisha atawashurutisha wafanyabiashara wanunue bidhaa zake kwa bei ya juu, nao watakaa nazo mpaka ziwadodee, hatimaye waziuze kwa hasara na mitaji ikatike. Na kwa kuwa sultani hajitozi ushuru mwenyewe, kila biashara anayoimeza ni kodi inayopotea. Anakumbusha kuwa Waajemi wa kale walimwekea mfalme wao sharti asifanye biashara, ili asije akaanza kuipenda bei ya juu.

La tatu ni kazi ya shokoa, yaani kuwafanyisha watu kazi bila ujira. Kwa Ibn Khaldun kazi ya mtu ndiyo mali yake. Masikini hana shamba wala duka. Ana mikono yake tu, na ukiitumia bila malipo umempora kama yule aliyeporwa dhahabu. Kwa hiyo anaipanua maana ya dhulma. Watu hudhani dhulma ni kunyang'anya mali au shamba bila fidia na basi. Yeye anasema kila anayechukua mali ya mtu, au kumlazimisha kazi, au kumdai kisicho haki, au kumbebesha wajibu ambao sheria ya Allah haikumbebesha, amemdhulumu. Na dhulma hiyo, kwa maelezo yake, huua kitu kimoja ambacho dola haiwezi kukinunua tena, nacho ni matumaini. Mtu aliyekata tamaa hainui mkono kufanya kazi.

Akaipigia mfano kwa kisa cha mfalme wa Uajemi, Bahram, aliyesikia bundi wawili wakilia akamuuliza mwenye hekima wake wanasema nini. Akajibiwa kuwa bundi dume anaposa, na jike anataka mahari ya vijiji 20 vilivyokuwa mahame. Dume amekubali bila taabu, maana utawala wa mfalme huyu ukiendelea atampa hata vijiji 1,000. Mfalme akashtuka, akawarudishia watu mashamba aliyokuwa amewagawia jamaa zake na vipenzi vyake.

La nne linagusa maisha ya kila siku. Ibn Khaldun anatofautisha kizuizi kinachotoka nje ya mtu na kile kinachotoka ndani yake. Watu wanaosukumwa na amri, adhabu na vitisho kila hatua huvunjika mioyo, ushujaa huwatoka, wakawa wanangoja kuambiwa. Masahaba wa Mtume (s.a.w.) waliishika sheria barabara na bado wakabaki majasiri, kwa sababu iliwaingia kwa imani na si kwa mijeledi.

Kadhi wa Cairo

Baada ya kutoka ngomeni alirudi Tunis kufundisha, lakini fitina za wanazuoni wenzake hazikumwacha. Mwaka 1382 aliomba ruhusa ya kwenda Hijja, akapanda meli hadi Misri, asirudi tena. Cairo ilimshangaza kwa ukubwa wake. Alifundisha Al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamteua kadhi wa madhehebu ya Malik.

Wakati huo familia yake bado ilikuwa Tunis. Sultani wa huko aliizuia isiondoke, akitumaini kuwa baba atalazimika kurudi. Watu wasio na kosa walishikwa ili mtu mwingine atii. Je, hayakumjia yale ya milima ya Bijaya? Allah ndiye ajuaye. Barquq alimuombea, familia ikaachiwa, ikapanda meli. Meli hiyo ilizama karibu na bandari ya Alexandria, familia ikaangamia pamoja na mali yake.

Katika ukadhi alikuwa mkali kwa wakubwa. Alikataa barua za kuombea watu zilizokuwa zikiletwa na maamiri, akawabana mashahidi wa uongo na mamufti wasio na elimu. Haukupita mwaka wakapiga kelele mpaka akaondolewa. Aliteuliwa na kuondolewa mara kadhaa, na alikuwa ndani ya uteuzi wake wa sita alipofariki.

Mwaka 1401 alikuwa Damascus pale Timur, jemadari aliyeitikisa dunia, alipouzingira mji huo. Mzee wa miaka karibu 70 aliteremshwa kwa kamba ukutani, akaenda kuonana naye. Alimpelekea zawadi ya msahafu, zulia la kusalia, kasida ya Burda na halua za Misri, akaomba usalama kwa wenzake. Timur akampenda nyumbu aliyempanda, akataka kumnunua. Ibn Khaldun akamtoa zawadi, na baadaye thamani yake ikamfuata mpaka Misri. Tazama ajabu hii: bei ya nyumbu mmoja ilifika hadi kwa mwenyewe, lakini mji wa Damascus uliporwa, ukachomwa, na msikiti wake mkuu ukashika moto. Na alipokuwa njiani kurudi, mbali na ulinzi wa sultani yeyote, wezi wakamvamia yeye na wenzake, wakawapora kila kitu hadi nguo za mwilini. Dola humdhulumu mtu, na pasipo dola mtu hudhulumiwa pia. Yote mawili aliyaonja katika safari moja.

Alifariki Cairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, Machi 1406, akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr. Allah amrehemu.

Misri haikungoja sana kuyathibitisha maneno yake. Mwanafunzi wake al-Maqrizi aliiona njaa iliyoanza baada ya mto Nile kupungua mwaka 1403, akaandika kitabu kueleza kuwa upungufu wa maji ulikuwepo zamani pia, bali kilichowaua watu ni vyeo kuuzwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa kupita kiasi, na serikali kuijaza nchi sarafu za shaba. Kisha akaja Sultani Barsbay, aliyetawala kuanzia 1422 hadi 1438. Akajitwalia biashara ya sukari na ya pilipili manga, ikawa ya sultani peke yake. Wafanyabiashara mashuhuri wa Karimi, waliosafirisha viungo vya India kupitia Bahari ya Sham kwa karne nyingi, wakafifia.

Wanaomchukua nusu

Huko Magharibi lipo kundi la watu waitwao walibertari. Hoja yao ni kuwa serikali iache kuingilia soko, iache kumpangia mtu mzima namna ya kuishi, ibaki na kazi ya ulinzi na mahakama tu. Baadhi yao humhesabu Ibn Khaldun kuwa babu yao. Rais wa Marekani Ronald Reagan alimtaja mbele ya waandishi wa habari mwezi Oktoba 1981, alipokuwa akitetea kupunguza kodi. Mchumi wao Arthur Laffer, aliyepata umaarufu kwa mchoro wa kodi aliouchora mwaka 1974, naye amekiri kuwa mwanachuoni huyu alimtangulia kwa karne nyingi.

Tufurahi Waislamu? Tufurahi kidogo, halafu tusome vizuri. Ibn Khaldun hakusema kuwa kodi ndogo peke yake huijaza hazina. Alisema chanzo cha kodi kubwa ni anasa na matumizi ya dola. Reagan alipunguza kodi, akaongeza matumizi ya jeshi, na deni la nchi yake kati ya 1981 na 1989 likakaribia kuwa mara tatu. Aliishika nusu ya maneno, nusu akaiacha.

Wapo pia wanaosahau kuwa Ibn Khaldun huyo huyo aliiona dola kuwa ndilo soko kubwa kuliko yote. Mtawala akiikumbatia fedha asiitoe, masoko mengine hudorora. Na akaeleza kazi ya muhtasib, msimamizi wa soko: kuzuia mizani ya udanganyifu, kuwakataza wenye vyombo wasijaze mizigo kupita kiasi, kuamuru nyumba mbovu zibomolewe kabla hazijawaangukia wapita njia. Mama yetu anaihitaji serikali ya namna hiyo. Anahitaji njia safi, mizani ya haki na mwizi akamatwe. Asichohitaji ni mtu anayetoza ushuru asubuhi na kuipindua meza kabla ya adhuhuri.

Mtume wetu (s.a.w.) aliombwa na watu wa Madina awapangie bei zilipopanda, akakataa, akihofia kukutana na Mola wake hali ya kuwa kuna mtu anamdai dhulma ya damu au ya mali. Ni kweli kuwa wanazuoni kama Ibn Taymiyya waliruhusu bei kupangwa pale bidhaa inapohodhiwa na watu kuumizwa. Lakini hebu tupime tofauti ya mioyo. Yeye mwenye haki kuliko viumbe wote aliogopa kuugusa mkono wa muuzaji. Sisi tunaugusa tukicheka.

Bakora yangu

Ningeweza kukomea hapo, nikailaumu serikali, nikalala. Lakini usiku ule niliendelea kusoma, nikafika mahali Ibn Khaldun anapozungumzia walimu.

Anasema mtoto anayelelewa kwa ukali na mabavu huingiwa na uvivu, hujifunza uongo na hila ili aiepuke mikono inayompiga, na tabia hiyo hugeuka kuwa maumbile yake. Hukua akiwa mzigo kwa wengine, hawezi kuitetea nafsi yake wala nyumba yake. Kisha anaongeza kuwa ndivyo lilivyo pia kwa taifa zima lililoishi chini ya mabavu. Katika jambo hili hakumtenganisha mwalimu na sultani. Kosa ni moja, ukubwa wa ufalme ndio unaotofautiana.

Niliinua macho nikaiona bakora yangu ukutani. Nina watoto 40 katika madrasa ya mchana. Wiki ile ile nilikuwa nimemchapa mmoja kwa kusema uongo kuhusu sura aliyotakiwa kuihifadhi. Nilimchapa mbele ya wenzake, na zaidi ya mara tatu, ambazo Ibn Khaldun anazinukuu kwa faqihi mmoja wa Kimaliki kuwa ndio mwisho wa kumpiga mtoto iwapo hapana budi. Sikujiuliza nani alimfundisha kuniogopa mpaka aone uongo ndiyo kinga yake. Nilikuwa nikimuonea uchungu mama aliyepinduliwa meza, na huku mimi mwenyewe ni mgambo wa chumba kimoja.

Ibn Khaldun naye hakuwa malaika. Alichukua mateka Bijaya kabla ya kuandika juu ya dhulma. Labda ndiyo maana aliielewa vizuri hivyo. Aliyewahi kuushika mkono wa dola anajua uzito wake unapoangukia shingo ya mtu. Tofauti yake na wengi ni kuwa alipopata faragha hakuitumia kujitetea. Aliitumia kueleza jinsi gurudumu lile linavyozunguka na kumsaga hata anayelizungusha.

Alhamisi iliyofuata nilimsomea mama yule, pamoja na darasa zima, mlango wa dhulma kutoka katika Muqaddimah. Nilimweleza kuwa dini yetu inalo neno. Anayechukua mali ya mtu bila haki ni dhalimu hata akiwa amevaa sare, na kudai haki yake kwa risiti mkononi hakupingani na subira. Watatu miongoni mwa wanafunzi wakajitolea kufuatana naye kesho yake kwenda kudai. Sinia na mizani alirudishiwa. Ndizi zilikuwa zimeshaoza.

Ama bakora, nimeiondoa ukutani. Wazazi wawili wamekuja kunilalamikia kuwa watoto watanipanda kichwani. Huenda kelele zimeongezeka kidogo. Lakini juzi yule mtoto alinijia kabla ya darasa kuanza, akaniambia wazi kuwa hakuihifadhi sura yake. Nikamkalisha, tukaisoma pamoja.

Wallahu a'alam.